Muulize Fundi wa Mitetemo: Kiwanja chenye ufa Bukoba, na tetemeko la Karonga lililochelewa

Kwa wanaofungua ukurasa huu mara ya kwanza: mimi si profesa. Nilikuwa fundi. Kwa miaka zaidi ya 30 kazi yangu ilikuwa kuzunguka na vipima mitetemo nyuma ya gari, kuvifukia, kuvifukua, kubadilisha betri na kugombana na panya wanaotafuna nyaya. Maprofesa walichora ramani. Mimi nilihakikisha wana cha kuchora. Anayetaka hesabu ngumu chuo kikuu kipo. Anayetaka kujua nyumba yake ilitikiswa na nini, tuendelee.

Shikamoo Fundi. Nimepata kiwanja Hamugembe, hapa Bukoba, kwa bei ambayo siamini. Muuzaji ni mzee mstaarabu, hakunificha kitu: alinionyesha ufa unaopita katikati ya kiwanja, mkono unaingia, akasema ulifunguka siku ya tetemeko la 2016 na kila masika unazidi. Mume wangu anasema pale ndipo tetemeko lilipotokea, na ile mitetemo midogo iliyotulaza nje wiki zile ilikuwa inatoka humo humo. Mimi naogopa, lakini bei nayo inanivuta. Ninunue? Na kwa nini mitetemo ile haikukoma siku moja?
*Mama wa watatu, Rwamishenye, Bukoba*

Marahaba, mama. Tuanze na ufa, bei itafuata.

Jumamosi ile ya tarehe 10 Septemba 2016, saa 9:27 alasiri, unaikumbuka kuliko mimi. Ukubwa ulikuwa 5.9. Watu zaidi ya 15 walipoteza maisha, mamia wakaumia, shule za Ihungo na Nyakato zikabidi zifungwe. Ila kuna namba moja ambayo redio ziliipita haraka, nayo ndiyo inayokuhusu wewe na kiwanja chako: 40. Wataalamu wa jiolojia wa Marekani walikadiria kwamba tetemeko lile lilianzia kina cha kilomita 40 hivi. Chukua umbali wa kutoka Bukoba mjini hadi Kyaka, uunyooshe bila kona za barabara, kisha uusimamishe uelekee chini. Huko ndiko lilikoanzia.

Sasa tetemeko si bomu linalolipuka mahali pamoja. Umemwona fundi cherehani anavyopasua kitambaa? Anachanja pindo kidogo kwa mkasi, anashika pande mbili, anavuta, na mpasuko unakimbia wenyewe kufuata uzi. Mwamba nao ni hivyo. Unaanza kupasuka mahali padogo, halafu mpasuko unakimbia kwa kasi ya kilomita 2 au 3 kwa sekunde. Kile mnachokisikia kwenye habari, "kitovu cha tetemeko," ni pale mkasi ulipochanja tu, tena ni sehemu ya juu ya ardhi iliyo wima juu ya pale. Mpasuko wenyewe una urefu na upana wake. Tetemeko la 5.9 kwa kawaida hupasua eneo la urefu wa kilomita 10 hivi, kazi ya sekunde nne au tano. Mlitikisika muda mrefu kuliko huo kwa sababu mawimbi huchelewa njiani na hugongagonga huku na huku kwenye udongo laini. Waliojenga karibu na bonde la Kanoni wananielewa.

Toa hesabu mwenyewe. Mpasuko wa kilomita 10, umeanzia kilomita 40 chini. Hata kama wote ungepanda juu wima, bado zingebaki kilomita 30 za mwamba mzima kabla ya kufika Hamugembe. Mwambie shemeji yangu kwa heshima zote: ufa wa uani si ufa wa tetemeko.

Ufa wa kweli ukifika juu, mama, hauulizi mipaka ya viwanja. Subukia, Kenya, Januari 1928, tetemeko la karibu 6.9 lilichana ardhi kwa zaidi ya kilomita 30. Machaze, Msumbiji, Februari 2006, ukubwa 7.0, ardhi ilikatika kwa takriban kilomita 15, na mahali pengine upande mmoja ukashuka mita 2 kuliko mwenzake. Mpasuko wa namna hiyo unakata barabara, unakata uzio wa jirani na wa jirani yake, unapita kwenye mwamba na kwenye tope bila kubagua, na ule upande ulioshuka unabaki kuwa huo huo mwanzo hadi mwisho. Wako, naamini, unaishia kwenye migomba ya mtu wa tatu.

Basi ni nini? Sikukiona kiwanja, lakini nimeona vingi vya aina hiyo. Udongo wa kujaza ambao haukushindiliwa, au ukingo wa mteremko unaotaka kwenda chini, au mfereji wa zamani uliofukiwa. Tetemeko liliutikisa, ukaachia. Na uliponiandikia kwamba kila masika unazidi, hapo ndipo nilipoweka miwani vizuri. Ufa wa tetemeko hauhitaji mvua. Ardhi inayoteleza ndiyo inayoingoja.

Kwa hiyo usinunue kabla ya kufanya hivi: waombe vijana wawili wachimbe mtaro mwembamba ukikingama huo ufa, kina cha mita moja na nusu hivi, asubuhi moja tu wamemaliza, wasiuingie zaidi ya hapo bila kuegemeza kingo. Kisha mlete mhandisi autazame ukutani mwa mtaro. Ukiona ufa unafifia na kufia kwenye udongo wa kujaza, kuna mazungumzo. Ukiona unapinda kuelekea bondeni kama kijiko, mshukuru mzee kwa ustaarabu wake, umwachie kiwanja chake.

Shemeji ana hoja moja ambayo siwezi kuipita: mitetemo midogo ile. Anasema ilitoka kwenye ufa. Ni kweli, ilitoka kwenye ufa, ila ule wa chini. Na hiyo, mama, ndiyo kazi iliyonilisha mimi.

Kuta za nyumba za zamani huwa na boriti ndani, huioni, umepaka chokaa. Unajuaje boriti imepita wapi? Subiri mchwa. Vinjia vyao vya udongo vitakuchorea boriti yote, ilipoanzia, inapopinda, inapoishia. Mitetemo inayofuata tetemeko kubwa ndiyo mchwa wetu. Mwamba ulipoteleza, sehemu iliyoteleza ilipumzika, lakini mzigo haukupotea. Ulihamia pembeni, kwenye kingo za mpasuko na kwenye vinundu ambavyo viligoma kuachia. Vinundu hivyo vinaachia kimoja kimoja, leo kimoja, kesho saba. Kila kimoja kinatoa mtetemo wake. Ukiweza kusema kila mtetemo umetoka wapi hasa, ukaweka nukta, nukta zikiwa mia mbili tatu unaanza kuona umbo la kitu ambacho hakuna binadamu atakayekigusa.

Nikueleze nilivyokiona kwa macho yangu. Miaka ya themanini mwishoni tulipelekwa kijiji kimoja mkoani Manyara, tetemeko la wastani lilikuwa limewapitia. Tuliweka mitambo minne. Mmoja ulikuwa wangu, nyuma ya nyumba ya mwalimu mkuu: shimo la kufika magotini, sakafu ndogo ya saruji, kipima mitetemo juu yake kimesawazishwa kwa pima maji, mshale umeelekezwa kaskazini kwa dira, betri ya gari pembeni. Mchoro ulikuwa kwenye pipa linalozunguka, limevishwa karatasi tuliyoifukiza moshi wa kibatari mpaka ikawa nyeusi tii. Sindano ilikuwa inakwaruza masizi, mstari mweupe ukabaki. Saa 4 asubuhi watoto wakitoka mapumziko, sindano inapagawa. Jioni ng'ombe wanaporudi, inapagawa tena, lakini taratibu, kwato kwa kwato. Usiku ndio ulikuwa wetu. Kijiji kimelala, mstari umenyooka, halafu ghafla sindano inaruka kidogo, *tik*, inatulia, na baada ya sekunde tatu inacheza kwa nguvu. Mruko wa kwanza ni wimbi linalokimbia zaidi, ule wa pili ni wimbi zito linalofuata nyuma. Zidisha zile sekunde tatu kwa 8: kilomita 24. Hapo mimi najua umbali, sijui upande. Mwenzangu kwenye mtambo wa pili anapata 16, wa tatu anapata 30, wa nne anathibitisha. Mnakutanisha bikari kwenye ramani.

Wiki ya pili nukta zilikuwa nyingi. Ukizitazama kutoka juu zilijipanga ndefu nyembamba kama mhogo. Kiongozi wetu akazigeuza, akachora kana kwamba tumekata ardhi kwa kisu tunaitazama ubavuni. Zikawa mstari ulioinama, kama ngazi iliyoegemezwa ukutani. Nilisimama pale na mikono yangu ya masizi, sikusema kitu. Hivyo ndivyo ufa ulivyolala.

Halafu siku ya tatu baada ya hapo kundi jipya la nukta likajipinda kutoka kwenye mstari, likaelekea pembeni. Kijana mmoja aliyetoka kusoma nje akasema tumegundua ufa wa pili. Chai ikanywewa. Mimi nikarudi kwenye daftari langu, mate yakanikauka. Saa ya mtambo tulikuwa tunailinganisha kila asubuhi na mlio wa saa wa redioni. Asubuhi ile saa yangu ilikuwa nyuma kwa sekunde 1. Badala ya kujumlisha, nikatoa. Kosa likawa sekunde 2. Na wimbi la kwanza linakimbia kilomita 6 hivi kwa sekunde. Ufa wa pili ulikuwa wangu mimi, nimeuchimba kwa kalamu.

Umeuliza pia kwa chini, kwenye mstari wa mwisho wa barua, kwa nini mitetemo ile haikukoma siku moja. Jibu lina umri wa zaidi ya miaka 130. Tarehe 28 Oktoba 1891 eneo la Nobi, Japani ya kati, lilipasuliwa na tetemeko la ukubwa wa karibu 8. Kule ufa ulitokeza waziwazi. Kijijini Midori upande mmoja uliinuka kwa mita 6 hivi, na ukuta huo wamejengea makumbusho juu yake. Kijana aliyeitwa Fusakichi Omori akahesabu mitetemo iliyofuata, siku baada ya siku, mwezi baada ya mwezi, na mwaka 1894 akaonyesha kwamba inapungua kwa mpango. Siku zikizidi mara 10, idadi ya mitetemo kwa siku inashuka mara 10. Mfano tu: ikiwa siku ya kwanza ni 100, siku ya 10 itakuwa kama 10, siku ya 100 mmoja. Kwa hiyo inapungua haraka sana mwanzoni, halafu inakuwa na mkia mrefu usioisha. Ya Nobi ilifuatiliwa kwa karne nzima na bado ilikuwa inafuata mstari wa Omori.

Lakini shika neno: kinachopungua ni idadi. Ukubwa haupungui kwa foleni. Watu huniambia "inakuja ikififia," wakadhani kila mmoja ni mdogo kuliko uliotangulia. Sivyo. Baada ya mwezi wa kimya unaweza kuja wa kuangusha ukuta uliobaki umesimama kwa bahati. Kwa mazoea, ule mkubwa kuliko wenzake katika wafuasi huwa chini ya mama yao kwa 1.2 hivi, kwa tetemeko lenu la 5.9 tungetegemea mmoja wa 4.7 au hapo karibu. Mazoea, nasema. Soma barua inayofuata.

Ndaga fijo Fundi kwa ukurasa huu. Desemba 2009 nilikuwa darasa la tano, Kyela. Tetemeko la Karonga, Malawi, ng'ambo ya mpaka, lilitutoa ndani jioni. Tukalala uwanjani, tukarudi, likaja lingine baada ya siku mbili. Mwalimu akatuambia tusihofu, kubwa hutangulia na madogo hufuata. Wiki mbili baadaye usiku likaja kubwa kuliko yote. Mpaka leo nikiwa na lori pale Kasumulu nasubiri forodha, naangalia milima ile na kujiuliza: mwalimu alitudanganya?
*Dereva, Kyela*

Ndaga, mwanangu. Mwalimu wako alisema ukweli wa siku nyingi, akakutana na siku isiyo ya kawaida.

Tuwekane sawa kwanza kuhusu majina. "Tetemeko kuu," "la kutangulia," "la kufuata," haya ni majina ya ukoo yanayogawiwa baada ya msiba kwisha. Mtetemo haujitambulishi ukija. Lile la jioni ya tarehe 6 Desemba lilikuwa 5.8. La tarehe 8, 5.9. Kisha usiku wa kuamkia tarehe 20 likaja la 6.0. Kati ya hapo mengine kadhaa, moja likiwa zaidi ya 5. Unaona tofauti ya yale matatu ni ya ukucha? Hapo hakuna mama na watoto. Hapo ni ndugu wa rika moja wanapokezana mlangoni. Watu 4 walifariki upande wa Karonga na maelfu wakabaki nje, wengi wao wa nyumba za matofali ya tope, mvua zikiwa zimeanza.

Kwa nini yapokezane? Hapa ndipo ile habari ya mchwa inapolipa. Januari 2010 watafiti walikwenda Karonga na vipima mitetemo 6, wakaviacha vikisikiliza hadi Mei. Vilikamata mitetemo 1,900 hivi ambayo waliweza kuipangia mahali. Picha za rada za satelaiti, za kabla na baada, zilikuwa tayari zimeonyesha ardhi iliyoshuka. Mkutano wa hizo mbili ukasema hivi: nukta nyingi zimejipanga kwenye ufa unaoinamia magharibi, chini ya mji wa Karonga wenyewe. Sawa. Ila kundi jingine, si dogo, limeinamia mashariki, kinyume kabisa. Na mengine yamejikusanya kivyake ufukweni mwa ziwa. Siyo ngazi moja iliyoegemea ukuta, kama ile yangu ya Manyara. Ni sahani ya udongo iliyodondoka: imekatika hapa, imekatika pale, na kila kipande kikisogea kinamkwaruza jirani yake.

Katika mahali pa namna hiyo mwamba unaachia kidogo, mzigo unahamia kwa jirani, naye alikuwa tayari yuko ukingoni. Ndiyo maana yanakuja kwa zamu na yanakaribiana ukubwa. Mwaka 2007 tuliona ndugu yake huku kaskazini, Gelai, karibu na Ziwa Natron. Julai ile mitetemo ilipiga siku nyingi mfululizo, mmoja ukafika 5.9, Nairobi watu wakakimbia maghorofa. Kule chini kulikuwa na sababu ya ziada: uji wa moto wa mwamba ulikuwa unajipenyeza na kuupanua ufa, na Septemba Oldoinyo Lengai ikaanza kulipuka kwa nguvu. Mfululizo wa namna ile hauna mkubwa wa kuanza naye.

Na hata kwenye nyufa za ardhi zilizokomaa huwa inatokea. Ridgecrest, California, tarehe 4 Julai 2019: 6.4. Saa 34 baadaye, kabla hawajamaliza kuokota makopo ya dukani: 7.1. Ramani ya nukta ilionyesha nyufa mbili zinazokutana kama fremu ya dirisha, pembe mraba. Kule kusini mwa California wamehesabu miaka mingi, wakaona katika kila matetemeko 100, kama 5 hufuatwa na kubwa zaidi ndani ya wiki. Tano kwa mia. Mwalimu wako angesema "mara nyingi" badala ya "hutangulia," angekuwa salama. Lakini ukiwa na watoto 50 wanaolia uwanjani gizani, nani anasema "mara nyingi"?

Milima unayoitazama ukiwa foleni, Livingstone, ile inayoshuka kama ukuta mpaka majini pale Matema, imesimama juu ya ufa mkubwa wa mpakani wa bonde zima, mkubwa kuliko hivi vya Karonga. Mwaka 2009 huo haukuguswa. Vilivyopasuka ni vidogo vya katikati ya bonde, ambavyo wengi tulidhani havina neno. Mimi binafsi tangu siku ile nimeacha kudharau ufa mdogo.

Fundi, kila tukitikisika kidogo babu yetu husema alhamdulillahi, ardhi inapumua, ikipumua kidogo kidogo haitapasuka kwa nguvu. Ni kweli?
*Wajukuu, Kondoa*

Msalimieni babu, shukrani haina hasara. Hesabu ndiyo inayokataa. Kila ngazi moja ya ukubwa inazidi nguvu mara 32 hivi. Kutoka 4 hadi 6 ni mara 1,000. Ili ardhi "ipumue" nguvu za tetemeko moja la 6 kwa mitetemo ya 4, mngehitaji mitetemo elfu moja. Babu angechoka kushukuru.

Mzee, shikamoo. Nasoma Ankara. Tarehe 6 Februari 2023 tuliamshwa na simu kabla ya alfajiri, na mchana ule ule likaja la pili. Hapa darasani tumebishana: la pili lilikuwa la kufuata au lilikuwa tetemeko kamili? Mwenzangu Mturuki alikasirika nilipoliita la kufuata.
*Binti wa Tanga*

Marahaba binti yangu. Mwenzako ana haki ya kukasirika, na wewe hukukosea kamusi.

La kwanza, saa 10:17 alfajiri kwa saa za huko, lilikuwa 7.8. La pili, saa 7:24 mchana, 7.5. Tofauti ya 0.3, wakati mazoea yangesubiri 6.6 hivi. Na ukiiweka ramani ya mitetemo iliyofuata mezani, hutaona mstari mmoja, utaona miwili. Mmoja mrefu, zaidi ya kilomita 300, umefuata ufa wa Anatolia Mashariki. Wa pili uko kaskazini yake, unaelekea mashariki na magharibi, ni ufa mwingine. Wa kwanza ulipoteleza ulimwondolea wa pili kitu kama breki; jinsi mzigo ulivyohamia inaweza kuhesabiwa, na hesabu zinaonyesha ulisukumwa. Basi umesababishwa na wa kwanza, lakini umepasua nyumba yake mwenyewe. Mimi huwa nasema matetemeko pacha, na sijagombana na mtu.

Kuna jambo katika lile la alfajiri ambalo bado nalitafakari. Halikuanzia kwenye ufa mkuu. Lilianzia kwenye kitawi kidogo pembeni, likakimbia kwenye kitawi, sekunde chache baadaye likafika kwenye shina, na shina likapasuka pande zote mbili. Rudi kwa fundi cherehani wangu wa Bukoba: alichanja kona ya pindo, na kitambaa chote kikaachia. Ukiitazama pini ya kitovu peke yake kwenye ramani ya habari, utashangaa kwa nini Antakya, mbali vile na pini, iliteketea. Antakya haikuwa mbali na mpasuko. Mpasuko uliifuata. Zaidi ya watu 50,000 walikufa Uturuki, maelfu wengine Syria, na wengi wao hawakuishi karibu na pini hata kidogo. Ningekuwa na uwezo ningezipiga marufuku hizo pini, wachore mistari.

Fundi, binti yangu wa miaka 10 anasoma ukurasa wako. Juzi usiku tulitikisika hapa Kigoma. Vikombe viligongana kabatini, akaanza kuhesabu kwa sauti, mimi nikimvuta chini ya meza. Alifika tisa ndipo nyumba ikatikisika kweli. Anadai anajua tetemeko lilitoka wapi. Nimjibu nini?
*Baba, Mwanga, Kigoma*

Tisa mara 8 ni 72. Kwa hiyo limetoka kilomita 70 na kitu kutoka kabatini kwenu, ukijumlisha na kina. Mchukue ramani, bikari, mchore duara. Litapita kwenye maji ya Tanganyika, litakanyaga Kongo ng'ambo, litavuka mpaka wa Burundi kaskazini, litarudi kwenu nchi kavu. Popote kwenye duara hilo panaweza kuwa ndipo. Kwa hiyo anajua umbali, hajui upande, kama mimi nyuma ya nyumba ya mwalimu mkuu. Anahitaji mtoto wa pili Uvira na wa tatu Mpanda, wote wanaojua kuhesabu bila kuharakisha. Na wewe baba, wakati mwingine mvute chini ya meza bila kumkatiza.

Mnunulie soda, uniandikie anwani. Nina karatasi moja ya masizi iliyobaki, nimeipaka vanishi, nitamtumia.